Samaki Anayeitwa Basi

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumanne asubuhi

Yaya wangu Sophie,

Amani ya Bwana Yesu iwe juu yako na juu ya kila muntu anayelala chini ya paa lako. Goti lako je, bado linakusumbua unapopanda kilima cha Kadutu? Na Mama, anakula vizuri? Anapata usingizi? Sisi huku tunaishi kwa neema. Malaria ilinishika kidogo lakini imeniachia. Merveille yuko Lilongwe, kule Chinsapo, anasuka nywele za bantu, na anakusalimia sana, we mama yake mukubwa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu inakatika palepale neno linapokuwa la maana, na neno hili likikatika katikati litatuletea msiba. Mama Bora anarudi nyumbani kupitia Tanzania, yeye njo atakuletea barua hii. Tafadhali, soma kwanza peke yako.

Yaya, kichwa changu kimechanganyikiwa. Nitakueleza kama ilivyotokea, labda we utaona njia ambayo mi siioni.

Nilishakuambia habari za jirani yangu Protais, yule Munyarwanda aliyefiwa na mke, tunayeomba naye kanisa moja. Anapata ganyu, njo wanavyoita kibarua hapa, katika shamba la bwana mmoja Mmalawi mbele ya Lumbadzi. Huyo bwana ana bwawa. Walipolijaza maji hawakung'oa miti. Miti ikafia humo, ikaanguka, na leo magogo yamelala chini ya maji kama ng'ombe waliochoka. Kati ya hayo magogo anaishi samaki wa kijani, ana mstari mweusi ubavuni na kinywa ambacho ngumi yangu inaingia. Jina lake la kizungu ni "bass", lakini katika midomo yetu amekuwa "basi". Siku Protais aliponiambia amekamata basi, nilimuuliza basi ya kwenda wapi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Tena kuna jambo sijalielewa mpaka leo. Jumamosi wanakuja wageni wenye magari mazuri, wanahangaika na huyo samaki juani, na wakimpata wanampiga picha halafu wanamrudisha majini. Samaki mzima, Yaya! Niliuliza kama ni dini yao. Protais akasema hata yeye hajui, kazi yake ni kupiga kasia na kutoa ndoano zao zinaponasa katika magogo. Lakini Jumatatu, wageni wakiisha kwenda, bwana anaruhusu wafanyakazi wavue wa sufuria. Njo nikaanza kufuatana naye, ili nikaange na kuuza sokoni. Mwanzoni nilienda kwa ajili ya samaki. Naandika "mwanzoni" kwa sababu huo njo ukweli.

Alinifundisha kuvua. Basi hazunguki kutafuta chakula. Anajibanza ubavuni mwa gogo, upande wenye kivuli, anangoja kitu kijinga kipite. Protais anakata mpira wa ndani wa baiskeli, anautengeneza kama mnyoo, na ncha ya ndoano anaificha ndani ya huo mnyoo ili isishike mti. Unatupa mbele ya gogo, unauacha uzame, unauvuta polepole kulifuata gogo lenyewe, kama muntu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Akishika, husikii pigo kubwa mkononi. Unaona tu uzi umeanza kutembea pembeni. Hapo unakaza mara moja na kumtoa mbali na matawi, kwani akiwahi kuingia atazungusha uzi na we umemkosa.

Mi nilikuwa navuta mbio mbio. Protais alinitania kwamba navua kama muntu aliyesikia wanagawa maharage. Nikamwambia kwanza ajifunze kutamka Lilongwe, maana kwake ni "Rirongwe", na chakula yeye "anakura". Tulicheka. Yaya, ni zamani sikuwa nimecheka hivyo.

Jumatatu moja tulikuwa katika mtumbwi kando ya gogo kubwa, yeye ameshika uzi. Bila kunitazama akasema kwamba kati ya nyumba yake na yangu kuna ukuta mmoja tu wa udongo, na kwamba amemwomba Mungu auondoe. Nikafikiri nyumba inataka kuanguka. Ikabidi anifafanulie. Nikamwona Mama katika matanga ya kaka yetu Raphaël, aliyeuawa na bantu wa bunduki waliosema Kinyarwanda, akisema mbele ya bantu wote kwamba anayesema Kinyarwanda hatakula katika sahani yake mpaka siku ya kumzika. Nikataka Protais anyamaze, ayaache hayo maneno. Nikasema, "Basi!"

Palepale uzi ukaanza kutembea pembeni.

Sasa angalia, Yaya. Mlinzi aliyekuwa ng'ambo ya bwawa alisikia "basi", akadhani natangaza samaki, akapiga makofi. Protais akakaza, samaki akakimbilia matawini, mtumbwi ukayumba, nami nikamshika shati. Alipomtoa alimweka miguuni pangu, mwenyewe macho yamemjaa machozi, akanishukuru kwa kumkubali. Yeye alisikia basi ya muntu anayesema "haya basi". Mi nilisema basi ya kufunga mlango. Sikumrekebisha. Nikaanza kuparua magamba.

Siku ileile akaenda kwa Pasta Norbert. Kesho yake Pasta akaniita, nikamweleza kwamba kuna kosa. Akauliza nilijibu nini hasa. Nikasema, nilijibu basi. Akapiga meza, akasema haleluya, basi mambo yamekwisha! Nikasema hapana Pasta, ni basi ile nyingine. Akauliza ipi.

Nikaenda Chinsapo kwa Merveille. Alinisikiliza huku anasuka, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mama, we uliyekuwa unafunga pua tukikaanga visamaki vya sambaza, leo unanuka bwawa kila Jumatatu. Ulifikiri sisi ni vipofu?" Nikamkumbusha mjomba wake Raphaël. Halafu akasema Papa Protais naye alimfunika mama yake kwa majani katika misitu ya kwetu, akiwa bado mtoto, na hajawahi kutudai huyo mama. Ni kweli, mi mwenyewe nilikuwa najua. Mwishoni akaniambia kama nakataa, nikatae kwa neno lisilo na pacha.

Nilirudi nikiwa nimeamua kukataa. Nilimkuta Protais mlangoni. Akaniuliza kama nimekula. Nikajibu nimekula. Nikaingia ndani na hapana yangu.

Nikafunga, nikaomba ishara. Nikaifungua Biblia, ikafunguka katika kitabu cha Ruthu. We unajua jina Baba alilonipa, la yule mwanamke aliyembusu mama mkwe akarudi kwao. Sikujua kama Mungu ananicheka ama ananiita. Nikaifunga.

Yaya, mpaka hapa nimekuandikia kama muntu anayeomba shauri. Nisamehe. Jumapili iliyopita majina yetu yalisomwa kanisani. Pasta akauliza kama kuna mwenye neno la kuzuia, alitoe. Mi njo nilikuwa nalo, liko tayari, halina pacha. Pasta akangoja, naona alikuwa ananingojea mimi. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Sikusimama. Na tulipoimba, sauti yangu ilipita za wote mpaka mama aliyekaa mbele yangu akageuka.

Kwa hiyo siombi ruhusa, naomba mdomo wako. Mwambie Mama. Anza na yule mama aliyelala katika udongo wetu, halafu jina lake Protais, halafu kabila mwishoni. Kama hatakubali, usimlazimishe. Nitalia, na nitaolewa. Naitazama hiyo sentensi na sijui ni nani ameiandika, lakini siifuti.

Nisalimie shemeji, batoto, na wote wa kanisa wanaonikumbuka. Mama umpake mafuta miguuni, umwambie ni mikono yangu.

Protais amepita hapa, ameuliza namwandikia nani, nikamwambia. Akaomba nimtilie salamu kwa Mama. Nikasema angoje kwanza. Akasema sawa, akachukua ndoo zangu kwenda kuchota maji. Salamu yake nimeiandika hapa chini kabisa, yeye hajui. Ukiona ni nzito, ikate kwa mkasi, hutaharibu mengine.

Mdogo wako katika Kristo,
Orpa

Protais anamsalimia Mama, amepiga magoti.