Mashimo Yetu Yalipobandikwa Ukutani

Bodo,
Msambweni, Kwale.
9 Machi 2026

Mpendwa dada Mwanaima,

Shikamoo. Waonaje huko Maskati, na funga inakwendaje katika nyumba ya watu? Goti je, limepoa? Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mvua bado, na maji ya kisima yamekuwa chumvi tupu, lakini futari haijatupita hata siku moja.

Barua hii nampa jirani yetu Luqman, anayekuja huko kikazi, akukabidhi mkononi. Kwa simu ungenikatia, na ungekuwa na haki. Dada, shimo lako la pweza, lile alilokuachia mama nawe ukaniambia nikutunzie, limevunjwa. Halipo. Nimelitanguliza ili usije ukasema nilikuzungusha.

Ilikuwa hivi. Mwanangu Twaiba yuko kidato cha tatu sasa, na shuleni kwao waliambiwa wafanye utafiti wa akili mnemba, yaani kompyuta inayofundishwa kujua mambo. Wenzake walichukua mahindi na malaria. Yeye akasema ataifundisha kompyuta kutambua shimo lenye pweza, kwa picha za makombe na vijiwe ambavyo pweza huvirundika mlangoni pake. Nilicheka. Kisha nikaona fahari, maana ni nani aliyewahi kuuliza wanawake wa mwambani wanajua nini?

Akazunguka na simu siku za bamvua, maji yakiwa makavu. Desturi yetu unaijua: shimo hutoka kwa mama likaenda kwa binti, na mwenyewe hupitia mbali ili asifuatwe. Lakini wanawake walimpa, dada. Walimpa kwa kuwa ni mtoto wetu. Bi Mbodze, ambaye akikuona mwambani hugeuza njia, alimwonyesha yake yote tisa.

Siku ya maonyesho tulikwenda Kwale mjini, tumevaa tukapendeza. Twaiba alisimama mbele ya waamuzi akaeleza bila kutetemeka, hata mimi nikamwelewa. Mashine yake ilipatia mara nane katika kumi. Nyuma yake ilibandikwa ramani kubwa, mwamba wetu mzima, kila shimo na nukta nyekundu na nambari yake. Mwalimu ndiye aliyetaka iwekwe, ili kazi ionekane. Kumbe kila picha ya simu huwa imejiandikia mahali ilipopigwa, na Twaiba alizitoa nukta humo. Watu wakapita wakiupiga picha ukuta ule, na mimi, mjinga wa mwisho, nikajisogeza pembeni nisiwazuie.

Akapata nafasi ya pili. Cheti kipo, kizuri, kina muhuri.

Bamvua lililofuata wakaja wanaume wa mashua mbili, na miwani ya kuzamia na mitaimbo. Siwajui. Walikwenda shimo kwa shimo kama wanaosoma orodha. Sisi humchokoa pweza tukaliacha shimo zima, aje mwingine, na mwenye mayai hatumgusi. Wao walipasua mwamba. Walibeba hata waliolalia mayai. Siku tatu, wakaondoka.

Bi Mbodze hakupiga kelele. Alikuja uani akaniambia, "Hanifa, marehemu mume wangu nilikaa naye miaka thelathini, na sikumwonyesha hata moja." Akaenda zake. Tangu siku hiyo salamu yangu haijibu, na wenzake wamemfuata.

Twaiba amezifuta picha zote kwenye simu, huku analia. Nilipokwenda kwa mwalimu, alinieleza kwa upole kwamba zimo kwenye kompyuta ya shule na waamuzi nao wanazo, na kwamba mtoto ana kipaji. Nikamwambia basi atuchemshie hicho kipaji tufuturu. Najua nilimkosea adabu, na sijutii.

Sasa lako. Twaiba hakulijua, wala asingelipata peke yake. Mlango wake umeelekea chini ya mwamba, anayepita juu haoni kitu. Alikuwa na mashimo sitini na matatu tayari. Yangu sita yalikuwemo, nikaona hayatoshi. Nilimshika mkono mwenyewe nikampeleka, nikamshikia na simu apige picha, kwa kuwa nilitaka mwanangu awashinde wale wa mahindi. Hakuna mwalimu aliyenituma, wala mashine.

Mdogo wetu Mbwana anakusalimu, na mkewe Hasina pia, ambaye sasa ana mtoto wa pili. Nisalimie Zainabu unayeishi naye. Mungu akupe afya na akurudishe salama, hata kama utarudi hunisemeshi.

Ukija Agosti nikasirikie mimi, tena vya kutosha, lakini si mbele ya Twaiba. Hajui. Anadhani lile shimo lilikuwa langu, na kwamba nilikuwa na haki ya kulitoa.

Wako akupendaye na aliyekukosea,
Hanifa