Watu Wafupi wa Aina Tatu

Jumamosi, 3 Mei

Nimefeli. Tena mbele ya watu wanne na bakuli la karanga.

Jaribio lenyewe ni la Bwana Kete, mtunzi wa mchezo wa kete wa mezani, huyu aliyenipa kazi ya kuchora kitabu cha jamii zake za kubuni. Anachukua mchoro, anaujaza wino mweusi wote mpaka libaki umbo tu. Hakuna uso, hakuna nguo. Anaunyanyua upande wa pili wa meza, anahesabu mpaka tatu, anaushusha. Wachezaji waseme wameona watu wa jamii gani. Anasema mtu akiwa katikati ya mchezo, kete mkononi, hana muda wa kusoma maelezo. Akitupa jicho lazima ajue amekutana na nani.

Majitu — wamepatia yote. Watu wa msituni, wale wenye miguu kama ngazi — wote. Tukafika kwa wafupi. Kitabu kina jamii tatu za watu wafupi: Wagongo wachonga mawe, Wandule mafundi wa mitambo, na Wasiri wenye bustani na majiko. Michoro kumi na miwili. Wamepatia minne. Ukifumba macho ukataja jina lolote unapata minne hiyo hiyo.

Nesi, mmoja wa wachezaji, yule asiyezungusha maneno, akasema yeye hakuona jamii tatu. Ameona mtu mmoja mara kumi na mbili. Mkono kiunoni, kidevu juu, mguu mmoja mbele. Kisha akanitazama mimi. Akasema, dada, hawa wote ni wewe.

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nina miaka thelathini na moja na kichwa changu kinafika kiunoni kwa Bwana Kete, ndivyo nilivyozaliwa. Nimezoea kuwahi kucheka kabla ya wenzangu. Inapunguza makali.

Bwana Kete hakucheka. Amenipa wiki moja. Jumamosi ijayo saa kumi jioni, jaribio la pili. Nikifeli tena, wafupi wote anampa mchoraji mwingine ambaye ameshamwahidi kuwatofautisha kwa ndevu, masikio na kofia. Ndevu, masikio na kofia! Mimi nibaki na majitu yangu.

Jumapili, 4 Mei

Nesi kasema kweli. Inauma lakini kasema kweli.

Ninavyochora: warefu nawatafuta barabarani, dukani, kwenye foleni ya benki. Wafupi nachungulia tu kioo cha kabati. Kwa nini nihangaike wakati mfano uko chumbani? Uvivu. Na majivuno pia, niseme ukweli. Nilidhani Bwana Kete kanichagua kwa sababu nani anawajua wafupi kunizidi mimi. Kumbe ninayemjua ni mmoja tu.

Naitaka kazi hii. Miaka minane nipo kwenye duka la uchapaji nachora maua ya kadi za harusi, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuuliza nani kachora waridi. Hiki ni kitabu. Jina langu litakuwa ndani. Na sitaki yule wa kofia awafanye vichekesho. Vichekesho tunavyo vya kutosha.

Nimeshinda kutwa nikikata maumbo ya karatasi nyeusi na kuyabandika ukutani. Mabega mapana, mabega membamba, tumbo kubwa. Mwenye tumbo anafanana na mtoto aliyejificha mto ndani ya shati. Mama kapita, akauliza kwa nini nimembandikia mende ukutani.

Jumanne, 6 Mei

Kitu!

Kazini rimu za karatasi zinakaa rafu ya juu. Kila nikizihitaji naburuta kreti la soda kutoka mlangoni, napanda, nashusha, narudisha kreti. Leo safari ya tatu Fundi Mashine akaniambia kreti hilo nifunge nalo ndoa kabisa, kadi tutachapa wenyewe. Nikamwambia akae na mashine yake. Lakini nikabaki juu ya kreti nimeganda, rimu mkononi.

Mgongo, yule mchonga mawe, angefanya nini mbele ya rafu hii? Mndule je? Msiri je? Si urefu unaowatofautisha. Wote ni wafupi, basi. Tofauti ni kila mmoja anafanyaje dunia ikiwa imewekwa juu sana.

Mgongo anatembea na ngazi yake. Jiwe la mraba mgongoni, kamba begani, magoti yamekunjwa kidogo kwa uzito. Akifika analitua, anapanda. Umbo: mraba juu ya miguu miwili mifupi. Mndule hasogei. Ameshatengeneza kitu — mti mrefu wenye ndoana, mara mbili ya kimo chake, na yeye kaegemea nyuma ili asivutwe. Umbo: mstari mrefu uliopinda, na mtu mwembamba mwishoni.

Nimewachora nyuma ya kadi zilizoharibika. Nikamsimulia Fundi Mashine jamii zote tatu, halafu nikamnyanyulia michoro kutoka mlangoni, mashine zinanguruma. Kapatia yote miwili bila kusimamisha kazi.

Msiri hana jiwe wala ndoana. Msiri anamwomba mrefu aliye karibu. Ndiyo maana kitabuni wanaishi na kila mtu, kila mji una mtaa wa Wasiri. Iko sawa kabisa. Kesho nammaliza.

Jumatano, 7 Mei

Sikummaliza. Michoro kumi na tisa. Wote ombaomba. Shingo imepinda, mgongo umejikunja, mikono miwili mbele. Fundi Mashine kauliza huyu kafiwa?

Mimi siombi. Naburuta kreti.

Alhamisi, 8 Mei

Bega la Mama limekaza wiki ya pili sasa, mkono wa kulia haupandi juu ya kifua. Daktari kasema litalegea taratibu. Mama kamwambia lifanye haraka.

Asubuhi alikuwa mezani anasoma gazeti. Bila kuinua macho akanyoosha mkono ule mzima nyuma yake na kusema, sweta. Basi. Mkono ukabaki hewani, kiganja wazi, yeye bado yuko kwenye tanzia. Hakugeuka kuangalia kama nimesikia. Hakuongeza tafadhali. Alijua sweta litakuja. Nikaenda, nikaleta, nikamvalisha. Akafungua ukurasa.

Chai yangu ilipoa nikimwangalia.

Mama alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili. Ni mrefu kuliko wanaume wengi hapa mtaani. Nilidhani sasa, akiwa na bega bovu, kuomba kutampunguza. Thubutu. Saa nne kafungua dirisha, kamwambia jirani wa kiume amwanulie shuka zake. Jirani kaziacha kazi zake kaanua, kisha akashukuru yeye! Mama alikuwa kasimama wima, uzito kwenye visigino, mkono umenyooka, uso umeshageukia jambo jingine.

Huyo ndiye Msiri.

Nimepiga simu kazini nikasema nachelewa. Nimemchora mara moja tu. Nimefupisha miguu, nimefupisha mikono, nimebana kiwiliwili. Vingine vyote nimeviacha vilivyo: fundo la nywele kisogoni, shingo ile, mkono ule. Sikumwambia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimetia wino. Fundi Mashine kautazama mchoro wa tatu kutoka mlangoni, kauliza huyo mdogo ni bosi wa nani. Nikamwambia, wa kila mtu. Nina furaha, niiandike tu. Kesho saa kumi.

Jumamosi, 10 Mei

Saa tisa na dakika ishirini. Niko jikoni.

Nilikuwa natia michoro kwenye bahasha ngumu. Mgongo ndani, Mndule ndani. Nikageuka kumchukua Msiri mezani — hayupo. Mama kakaa kwenye kochi, miwani usoni, karatasi kaishika kwa mkono mzima kaiweka mbali na macho. Umbo jeusi. Halina uso, halina kitu.

Huyu ni mimi, akasema. Hakuuliza.

Nikasema ndiyo, Mama.

Umenifanya mfupi.

Miaka thelathini na moja sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo ndani ya nyumba hii. Wageni wakiuliza, alisema bado nakua. Alisema hivyo mpaka nilipofika miaka ishirini. Kwa fundi wa nguo alisema gauni limezidi. Gauni ndilo lenye makosa, siku zote. Nilimchukia kwa hilo nilipokuwa msichana. Baadaye nikazoea, nikadhani limeisha.

Nikaanza kueleza. Kwamba ni kazi, kwamba jamii ni tatu, kwamba hakuna aliyekuwa anawatofautisha. Kwamba Msiri ndiye ninayempenda kuliko wote, maana anaomba na hapungui. Nilikuwa naongea haraka kama mtu aliyekamatwa. Mama hakuonyesha kama anasikia. Akauliza, hao watu wa mezani watamcheka?

Nikasema hapana. Huyo hachekwi.

Umejuaje?

Nikasema, Mama, mimi nitakosa kujua anayechekwa na asiyechekwa?

Lilinitoka tu. Sikulipanga. Akaiteremsha karatasi mapajani, akavua miwani. Nilidhani atanigombeza. Laiti angenigombeza.

Akauliza: shuleni kwangu — walikuwa wanakucheka?

Shule yake. Nilisoma pale miaka saba. Kutoka darasani mpaka mlango wa ofisi yake ni hatua ishirini. Nilizihesabu mara nyingi sana na sikuwahi kuzimaliza. Alikuwa na fimbo, kengele na sauti ya kunyamazisha uwanja mzima. Nyumbani aliniuliza hesabu, aliniuliza kama nimekula. Hili hakuniuliza. Na mimi sikumwambia, maana ningeanzaje? Ningesema wananicheka kwa nini, wakati neno lenyewe halisemwi?

Nikamwambia, ngoja kwanza niweke chai.

Kwa hiyo niko jikoni, juu ya stuli yangu, maji yako motoni, naandika kwenye shajara badala ya kutia majani. Naogopa. Nikimwambia kweli nitamvunja mwalimu mkuu wa miaka ishirini na miwili, na ana bega moja tu. Nikimwambia hapana atajua, kwa sababu swali lile mtu haulizi kama hajajua.

Bwana Kete kapiga simu sasa hivi. Wachezaji wameshafika, Nesi kaja na jirani yake ambaye hajui lolote, jaribio litakuwa safi. Niko wapi? Yule mchoraji mwingine naye yupo, kaja na michoro yake, lakini nisiwe na wasiwasi. Kutoka hapa mpaka kwake ni nusu saa. Bila Msiri sina cha kupeleka, na Msiri yuko mapajani kwa Mama, kiganja chake kiko juu yake.

Nimemwambia nitachelewa. Akauliza kwa muda gani. Nikasema sijui, kama hawezi kusubiri aanze na michoro ya mwenzangu. Akasema sawa.

Saa tisa na nusu imepita. Mama hajaniita. Namsikia amekaa vile vile, kochi halijalia. Maji yamechemka kitambo.