Ratiba Yako ya Pombe za Dar

Mume wangu Baba Vero,

Nimerudi kutoka Dar wiki iliyopita na miguu bado imevimba. Nimechoka, mwenzangu. Sijui kama ni basi, ni joto la kule, au ni huu mwaka mzima niliokaa bila wewe. Nakuandikia kwenye daftari lako lenye jalada la bluu, kurasa zilizobaki nyuma ya ratiba. Vero anasema nikimaliza nizipige picha nimtumie, awasomee wadogo zake na mama zake wadogo. Nimemwambia awasomee tu, hata majirani. Wanawake wanaopika pombe waisikie, maana kuna kosa nililofanya na wao wanaweza kulifanya.

Wewe na ratiba zako! Kufundisha darasa la tano miaka yote ile kulikuharibu. Hata kuchinja kuku ulikuwekea kipindi, rula mkononi, kalamu nyekundu sikioni. Ulipostaafu ukakosa wa kumpangia, ukanigeukia mimi. Halafu Vero akahamia Dar, akakununulia ile simu kubwa, na siku moja ukaja jikoni mbio kama nyumba inaungua.

"Mama Vero! Kumbe na mjini wapo wanaopika kama wewe!"

Ukanionyesha picha. Watu wana mapipa ya chuma yanang'aa, wanapika bia yao wenyewe, kidogo kidogo, si zile za kwenye makreti. Ukasema tutakwenda kumsalimia mtoto, na tukiwa huko tutawazungukia wote mpaka tuwamalize.

"Kwa miguu ipi?" nilikuuliza.

"Miguu utapewa hukohuko."

Dar yenyewe hatukuwa tunaijua hata mmoja wetu. Mwisho wangu ulikuwa Babati. Wewe ulifika Arusha kwenye semina, ukarudi unatuambia habari za Arusha miaka mitano. Lakini ulipanga safari ile kama mtu aliyezaliwa Kariakoo.

Najua ulikotoa ugonjwa wa kupanga. Ni kule Getanuwas. Tulikuwa na mwaka mmoja kwenye ndoa, ukasikia kuna mama wa Kibarbaig anatengeneza pombe ya asali ambayo mtu akiinywa anasahau deni na mkwe. Tukapanda lori la mnada, tukala vumbi siku nzima, tukafika midomo imepasuka. Yule mama akatupokea vizuri, akatukalisha kwenye ngozi. Ukamwomba pombe. Akasema bado, mpaka kesho kutwa.

"Shikamoo mama, tunaomba hata ya kulowesha ulimi," ukamwambia. Ulikuwa umeshamwamkia mara mbili.

"Marahaba. Haijaiva."

Hakutupa hata tone. Alitupatia maziwa, tukanywa, tukarudi. Njia nzima ulinung'unika, mimi nacheka moyoni, maana nilimpenda yule mama. Na mimi nililelewa hivyohivyo. Mama yangu alinifundisha kwamba pombe ambayo haijaiva haitoki kwenye pipa. Ukimpa mgeni umemtukana, ukimpa mgonjwa umemmaliza. Inapoiva, mpishi anakunywa kwanza mbele ya watu, ndipo anawapa wengine. Sijawahi kuvunja sheria hiyo. Watu walinisifu kwa hilo kuanzia hapa mpaka Haydom.

Tangu Getanuwas hukukanyaga kwa mpika pombe bila kuuliza siku. Kwa hiyo Dar nayo ukaipanga kwa siku za kuiva. Jamani, zile simu ulizopiga! Ulikaa pale mlangoni penye mtandao, daftari gotini, miwani puani.

"Hujambo mwanangu. Naitwa mwalimu, nipo Masieda, wilaya ya Mbulu. Naomba kuuliza, pombe yenu inaiva siku gani?"

Msichana wa watu akajibu, "Tupo wazi kila siku, mzee, kuanzia saa sita."

"Sijauliza mnafungua lini. Nimeuliza inaiva lini."

"Ipo tu, mzee. Kila siku ipo."

Ukakata simu, ukanitazama kwa huruma. "Masikini, hawa wanakunywa ya jana."

Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Lakini hukuwafuta. Ulimwandikia kila mmoja mstari wake: wa karibu na bahari Jumatatu, wa nyuma ya maghala Jumanne, wa kule ghorofani Jumatano. Na wa nne, dada mmoja anayepikia kwenye gereji ya nyumba yake, ndiye peke yake aliyekujibu vizuri. Alisema yake inaiva Alhamisi. Huyo ulimpigia mstari mwekundu mara mbili. Ukasema huyu ndiye mpishi, wengine ni wauza duka.

Nilikuuliza kwa nini unajisumbua hivyo wakati pombe unaipata hapa nyumbani. Ukaniambia, "Mama Vero, maisha yako yote unawamiminia watu umesimama. Nataka nikuone umekaa, unamiminiwa na mtu mwingine." Nikakwambia acha maneno, nenda kakate majani ya ng'ombe. Nilipaswa kusema ahsante. Sikuisema, basi naisema sasa, ahsante sana mume wangu.

Halafu tumbo lako likaanza kuuma. Tulikwenda hospitali Haydom, tukarudi, tukaenda tena, mpaka madaktari wakatukalisha na kutuambia kwa upole kwamba waliyoweza wamefanya, tukapumzike nyumbani. Ulilifunga daftari, ukaliweka chini ya mto.

Ile wiki ya mwisho mahindi yalikuwa yamekauka shambani na hakuna wa kuvuna. Majirani wakasema watakuja Alhamisi kutusaidia, nami nikapika pombe ya kuwapa, kama desturi. Nilipika Jumapili. Jumatano asubuhi ilikuwa inachemka kwenye pipa, povu limesimama, na harufu imekufikia kitandani.

Uliniita. Sauti ilikuwa imebaki ndogo. Ukasema, "Nipe kidogo."

Nikakujibu nini? Unakumbuka wewe, nami nakumbuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nimechoka, sijalala vizuri siku ngapi. Nilikwambia, "Haijaiva, Baba Vero. Subiri kesho."

Ukatabasamu. Ukasema, "Kosa langu. Sikuuliza siku."

Saa kumi jioni ukaondoka.

Pombe ile iliiva Alhamisi kama nilivyosema. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Wakainywa waliokuja kuvuna, nao ndio waliochimba kaburi. Mimi nilitakiwa nionje kwanza mbele yao, nikaonja, na tangu siku ile sikupika tena. Pipa nililigeuza, kuku wakatagia chini yake. Watu walipouliza nilisema mgongo unauma. Mgongo ulikuwa unauma kweli, lakini si kwa sababu hiyo. Nilikuwa naona aibu, Baba Vero. Kila nikisikia harufu ya kimea nilikuwa nasikia "nipe kidogo."

Vero ndiye aliyenilazimisha kwenda. Alikuja nyumbani kutafuta nguo zako za kugawa, akalikuta daftari. Akanipigia kelele, "Mama, baba ameandika mpaka namba za mabasi! Tukiliacha hili tutakuwa watu gani?" Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikapanda basi.

Dar ni joto, mume wangu, na watu wanaongea haraka. Vero akaishika ratiba yako, akaanza kuikatakata. Akasema wa baharini na wa maghala hatuwezi kuwafikia siku mbili mfululizo, foleni itatuua, wa maghala tumwache. Wa ghorofani amefunga. Na Alhamisi yeye yuko kazini, kwa hiyo wa gereji tungekwenda Jumatano. Nikamwambia baba yako ameandika Alhamisi. Akasema, "Mama, bia ya mjini haina Alhamisi." Nilikuwa nimechoka. Nikakubali.

Kwa yule wa baharini nilikaa nusu saa. Waliniletea vibilauri vinne kwenye ubao, kama dawa za mgonjwa wa wodini. Nikamngoja kijana aliyevileta anywe kwanza. Yeye akasimama ananitazama, mimi namtazama, tukatazamana hivyo mpaka Vero akaniambia kwa aibu, "Mama, hapa hawanywi kwanza." Nikamwambia basi mimi siwezi kunywa. Tukaondoka. Ungekuwepo ungeandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, "Hawana adabu."

Jumatano tukaenda gereji. Ni nyumba ya kawaida, geti la bluu, ndani kuna mapipa matatu na mtu mmoja aliyevaa aproni na mabuti. Mwanamke wa makamo, kwao Songea. Vero akamweleza kwamba baba yake mwalimu aliwahi kupiga simu kutoka Mbulu. Yule mama akaweka chini ndoo aliyokuwa ameshika.

"Wewe ndiye Mama Vero?"

Nikasema ndiyo.

"Mwalimu alinipigia mara tatu! Alisema mke wake ni mtaalamu, atakuja kunikagua, niwe tayari. Na akaniambia jambo moja, kwamba nikuwekee kiti, kwa sababu wewe hukai." Akaangalia nyuma yetu. "Mwenyewe yuko wapi?"

Vero akamwambia. Yule mama alikwenda ndani akarudi na kiti chenye mto, akakiweka katikati ya gereji, akanishika mkono akanikalisha. Nikakaa. Mapipa mbele yangu, mikono yangu haina kazi.

Akafungua bomba la pipa la kati, akajaza glasi kidogo, akanywa yeye kwanza. Sikuwa nimemwomba. Nikajua huyu amelelewa. Halafu akajaza ya pili, akanipa.

Nikaikataa. "Leo Jumatano," nikasema. "Yako inaiva Alhamisi. Mume wangu ameandika."

Akacheka. "Ni kweli haijaiva, mama. Hii ya Jumatano siiuzi, na mgeni simpi. Lakini mpishi mwenzangu nampa, na mume wangu nampa. Yeye anaonja kila siku tangu siku ya pili. Kesho itakuwa ya watu wote. Leo ni ya watu wa nyumbani."

"Haimdhuru?"

"Imdhuru nini, mama?"

"Je, akiwa mgonjwa? Mgonjwa hasa, ambaye hata chakula hakipiti?"

Nadhani alielewa, maana aliinama mbele ya kiti changu, na sauti yake ikashuka. "Funda moja, mama? Lingemlowesha mdomo tu. Ningempa."

Nikanywa. Baba Vero, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama uji wa kimea, na ule ukali mdogo unaoanza kuchoma ulimi mwishoni. Nimepika pombe tangu niko msichana na sikuwahi kuijua ladha ya siku ile, kwa sababu niliambiwa haijaiva na sikuuliza zaidi. Kila pipa nililopika lilikuwa na Jumatano yake. Nilikuwa naipita tu na mwiko mkononi.

Nililia pale kwenye kile kiti ulichoniombea. Nililia kwa sauti, mjini, mbele ya watu nisiowajua. Vero alinishika mabega akidhani nalia msiba. Msiba ulikuwepo, lakini nililia zaidi kwa ajili ya lile funda moja. Lilikuwa hatua sita kutoka kitandani kwako. Nimezihesabu.

Sitasema mama yangu alikosea. Kwa mgeni, sheria yake ni nzuri, nami nitaishika mpaka nife. Lakini wewe hukuwa mgeni. Nilikupa sheria ya mgeni ndani ya nyumba yako mwenyewe, na hilo ndilo nawaambia wanawake wenzangu. Mtu wa kwako akiomba, mpe leo.

Nilipofika nyumbani niliwafukuza kuku, nikaosha pipa kwa majivu na maji ya moto. Kimea nilipata kwa jirani, alishangaa akafurahi. Nimepika Jumapili. Kesho watu watakuja, wameshasikia harufu, wengine wameanza kupita hapa bila sababu wakiuliza hali ya mgongo. Nitawapa kesho, nikiwa nimekaa. Atakayetaka kumiminiwa atanifuata kwenye kiti.

Leo ni Jumatano. Asubuhi hii nimekuja hapa kaburini kwako, nyuma ya nyumba, na kigoda, daftari na kikombe chako cha bati. Nimekaa. Jua bado dogo, ng'ombe hawajatoka. Nimechoka bado, sitakudanganya, na sidhani uchovu huu utaisha kwa safari moja. Ila nimeamka mwenyewe leo bila kuitwa.

Nimeonja mimi kwanza, umeniona. Sasa naweka kalamu chini nikumiminie.

Haijaiva, Baba Vero. Karibu unywe.

Mkeo,
Mama Vero