Tangu Mama Arudi Ufukweni

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Stoo ya Mbao.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo? Shemeji naye hajambo? Wanangu je, yule mkubwa kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, ukiacha mgongo wangu. Mama ndiye mzima kuliko sote. Amerudi kutoka ile hoteli ya ufukweni uliyompeleka, mashavu yamejaa, na ameniagiza nikuandikie jibu la lile ombi lako: atahamia kwako moja kwa moja, au atabaki na mimi. Simu haitaki, unalijua sikio lake. Jibu lipo, nitalifikia. Kwanza ngoja niseme yangu, maana yamenifika hapa kooni.

Nakuonea wivu. Haya, nimesema.

Siku saba mmestarehe nyinyi wawili, mimi nimebaki na mashati themanini ya sare za shule. Gauni alilovaa kwenye kila picha nimelishona mimi, na kwenye picha hizo sipo hata kivuli. Sasa amezipanga juu ya meza yangu ya kukatia. Kila mteja anayekuja kupimwa lazima aonyeshwe: hili bwawa, hiki kiti cha kulalia, hii boti yenye kioo chini, samaki wanapita miguuni. Mteja anasahau hata alichofuata.

Lakini ile picha ya mnara wa taa, mdogo wangu, imeniuma. Ngazi mia moja na kumi na mbili! Anasema alizihesabu. Huku kwangu ngazi tatu za barazani namshika mkono, na goti linalalamikiwa tangu ya kwanza hadi ya tatu. Nikamuuliza, kwani siku ile goti uliliacha wapi? Akacheka. "Kule juu kulikuwa na cha kuona," akasema. Nikarudi kwenye kazi, nikakata kola mbili upande.

Halafu hayo mataulo. Eti kila siku mhudumu wa chumba alikuwa anakunja taulo sura ya ndege na kuliweka kitandani, na Mama akakataa lisifunguliwe. Mlilalaje, mmebanana ukingoni na ndege katikati? Basi na yeye kajifunza. Asubuhi nataka kufuta uso, nakuta ndege. Namkunjua, jioni karudi. Juzi kamtengeneza mmoja kwa kitambaa cha suti ya mteja, mikunjo hadi leo imeishinda pasi. Nilimgombeza, nikaona haya papo hapo, kwa sababu alikuwa na furaha, na sikumbuki mara ya mwisho niliyomfurahisha mimi. Miaka kumi na moja nampikia, namtia dawa ya macho, namsindikiza kila kliniki. Wewe siku saba tu!

Sasa jibu. Unajua utaratibu wetu: anasema, naandika, namsomea, anaweka dole gumba. Ijumaa alisema lake. Mimi nikaandika kinyume, kisha nikamsomea alichosema yeye. Akaweka dole bila wasiwasi, akanishukuru. Barua ile ilikaa kwenye droo ya vifungo siku mbili. Leo asubuhi nimeichana.

Amesema ndiyo. Anakuja kwako. Anataka kuona vya kuona kabla macho hayajagoma kabisa.

Hii nimemsomea yote mpaka hapa, hata hayo ya kuchana. Akaomba wino. Dole lake ndilo hilo hapo chini.

Dawa ya macho ni matone mawili, asubuhi na jioni. Kikombe cha chai usimjazie. Akikwambia ameshiba, mwekee tu, atakula ukigeuka.

Msalimie sana shemeji, wabusu wanangu, na Shangazi akipita hapo mwambie sijamnunia. Mungu awatunze nyote, na safari ya Mama aifanye nyepesi.

Gauni lake la kuja nalo nimeshalianza. Nimeacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, maana kwako najua atanenepa. Siku likimbana, tafadhali usimpeleke kwa fundi mwingine. Mlete kwangu.

Wako akupendaye hata akinuna,
Dada Sindano