Mkanda Uliokaa na Mbegu

Mama, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Daudi? Mimi huku Dar ni mzima, joto tu ndilo linanimaliza.

Ule mkanda wa video wa harusi ya dada Rehema umenihenyesha! Ulinituma nitoe humo baraka za marehemu baba, ili mdogo wetu Neema naye abarikiwe siku ya harusi yake na baba ambaye hakuwahi kumsikia. Kamera niliazima. Kumbe kamera zile zina waya wake, mafundi wanauita faiwaya, na kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Nilizunguka Kariakoo siku tatu. Muuzaji mmoja akaniambia, "Kaka, hiyo tupa tu." Mama, nusura nimzabe kofi.

Mwishowe nikampata Mama Zuhura, fundi redio, mwenye kompyuta kuukuu yenye tundu hilo. Akaunusa mkanda. "Huu mlikuwa mnaukausha kama samaki?" Nikamweleza kwamba kwetu kitu cha thamani hukaa darini juu ya jiko, pamoja na mbegu, moshi ufukuze wadudu. Alicheka hadi akaketi. Kisha akasema umeanza kunata, huenda ukacheza mara moja tu.

Faiwaya haina haraka. Harusi ya saa moja inaingia kwenye kompyuta kwa saa moja. Tukakaa, nikiomba kimoyomoyo. Baba alipoanza kubariki, mpiga picha wetu, Mungu amsamehe, alikuwa anayapiga picha masufuria ya pilau! Lakini sauti ilikuwepo, kwa Kimbulu chake kilekile: "Mungu akupe watoto, akupe maziwa... Nani amewaachia hao mbuzi?" Nikacheka, nikalia, wala sikuona aibu.

Halafu akasema maneno ambayo sote tuliyasahau: "Na huyu mdogo aliye mgongoni kwa mama yake, siku yake ikifika nami sipo, ni haya haya. Msimtafutie mengine."

Hapo mkanda ukakatika. Lakini hayo yalikuwa yameshaingia.

Flashi yenye sauti ya baba nimeifunga ndani ya barua hii. Tafadhali mama, usiiweke darini! Nisalimie mjomba wa kule Tumati mwenye ng'ombe, na dada Rehema. Mwambie wale mbuzi waliokatiza baraka walikuwa wake.

Neema usimwambie kitu. Amekwisha kuzoea kwamba baba mdogo ndiye atakayembariki. Siku hiyo baba mdogo akae tu, baba mwenyewe ataongea.

Mwanao wa jotoni,
Emanueli