Kipandio cha Kumi na Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mji mzima wananiita Mnara
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi mkuu wa minara na madishi
Elimu: Darasa la sita. La saba nililiacha mimi, halikuniacha.
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa, chumba namba 9
Uhusiano na msichana anayetajwa: Mjomba wake

Kabla ya yote nataka iandikwe kwamba bila mimi mji huu usingeona taarifa ya habari. Dishi lolote mnaloliona juu ya paa, mkono wangu umo. Nimewahi kufunga antena juu kiasi kwamba mawingu yalipita chini ya viatu vyangu. Nikatema mate, watu wa bondeni wakakimbilia kuanua nguo. Afande ameniambia nijibu nilichokuja kujibu. Sawa.

Nimekuja kwa hiari yangu, kuhusu maneno niliyoyasema mbele ya simu ya mtu siku ya tukio. Simu hiyo imefika hapa kituoni kabla yangu.

Mpwa wangu ana miaka kumi na saba. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, mshona nguo, na wanaishi chumba namba 10, ukuta mmoja na mimi. Mnamo tarehe 3 mwezi huu, siku ya kutoa zawadi shuleni kwao, alisimama kukariri shairi. Maneno yakamkimbia. Alisimama mdomo wazi kwa sekunde tisa. Najua ni tisa kwa sababu kuna mtu alizirekodi, akazitia sauti ya mbuzi, akazirusha. Mimi niliiona video hiyo kwa kinyozi. Nilicheka. Nilicheka kabla sijamtambua, na nilipomtambua kicheko kilikuwa kimeshatoka.

Tangu siku hiyo mtoto alihamia ndani ya simu. Akila, anasoma. Akilala, simu iko chini ya mto. Dada alimnyang'anya mara moja, mtoto akakaa mlangoni akiidai mpaka usiku, ikabidi amrudishie. Mimi nikampa ushauri wa mtu mzima: "Sisi enzi zetu tulizomewa na mtaa mzima, tukarudi nyumbani, tukala, tukalala."

Akaniambia, "Nyinyi mlirudi nyumbani, Mjomba. Mtaa ulibaki nje."

Nikamsimulia ile hadithi ya mawingu, maana alipokuwa mdogo alikuwa haishi kuidai. Hakuinua macho.

Mnamo tarehe 14, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilikuwa kibarazani nikinyoosha waya. Muuza mkaa alikuja mbio, anahema. "Mnara! Wewe Mnara! Mpwa wako yuko juu ya tangi!"

Tangi hilo ni la maji ya kiwanda, limesimama juu ya miguu minne ya chuma. Ngazi yake ina vipandio thelathini na vinane. Nimevihesabu jana, nikiwa chini.

Nilifika saa tisa na nusu. Kulikuwa na watu wapatao sitini, na sikuona uso hata mmoja, niliona migongo ya simu. Fundi wa kuchomelea alikuwa amepanda juu ya pipa ili apate picha nzuri. Msichana alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa la tangi, miguu inaning'inia, naye ameshika simu yake, kichwa chini. Nikauliza anasoma nini. Binti mmoja mwenye sare ya shule akanijibu bila kunitazama, "Anatusoma sisi, anko. Tuko laivu."

Yaani hawa wa chini walikuwa wanamrusha moja kwa moja, wengine wako majumbani wanaandika maneno, na yeye kule juu yanamfikia yote, moja baada ya jingine. Yule binti akanionyesha kioo cha simu yake. Niliwahi kusoma mstari mmoja tu: "Ruka basi mbuzi, betri yangu inaisha."

Dada yangu alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, tepe ya kupimia bado iko shingoni. Hakuwa analia. Alinitazama, akasema, "Wewe si ndiye mpanda minara? Panda."

Simu zote zikanigeukia. Nikakunja suruali. Nikapanda.

Baada ya kushuka, mtu aliniwekea simu mdomoni nami nikasema hivi: "Nilimkuta tayari anaruka, nikamdaka mguu kwa mkono mmoja, nikamshusha kama paka anavyobeba mwanawe." Maneno hayo yametazamwa na watu laki mbili. Kwa kinyozi siku hizi sipangi foleni. Jana dada yangu aligonga mlango wangu akaniambia shule imemsimamisha mtoto, na hapa kituoni limefunguliwa jalada kwamba alijaribu kujiua, na huenda akafikishwa mahakamani. Nikamuuliza ushahidi wao ni nini. Akasema, "Ushahidi ni mdomo wako, kaka."

Afande ameniuliza: Ulimwona akiruka? Jibu: Hapana.

Ameniuliza: Ulimshika mguu? Jibu: Hapana.

Ameniuliza: Ulifika juu? Jibu: Naomba maji ya kunywa kwanza.

Nilifika kipandio cha kumi na moja. Hapo nikatazama chini. Miguu ikaota mizizi, na mikono ikang'ang'ania chuma ikakataa amri yangu. Watu wanashangilia, "Mnara! Mnara!" Kwenda juu siwezi, kurudi siwezi. Jasho likaniingia machoni nikayafumba. Nikamwita mpwa wangu. Afande aandike vizuri hapa: sikumwita ili ashuke. Nilimwita kama mtoto anavyomwita mama yake. Nilisema, "Mjomba wako naanguka."

Halafu nikasikia kitu kimepiga sakafu ya saruji, na watu sitini wakapiga yowe moja.

Sikufumbua macho. Nilijua ni yeye. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia dada yangu na sikuyapata, mimi ambaye sijawahi kukosa maneno tangu nizaliwe. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Labda sekunde tisa.

Kisha vidole vikagusa vidole vyangu kutoka juu.

"Ni simu, Mjomba. Nilihitaji mkono."

Alikuwa ameshuka peke yake. Hakuna aliyemvuta wala kumdaka. Alijishikilia kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akanibandua vidole kimoja kimoja kwenye chuma. Akaniambia, "Usitazame chini. Nitazame mimi. Haya, nipe ile ya mawingu."

Nikasema kwamba mawingu yalipita chini ya viatu vyangu.

"Mguu wa kulia. Shusha. Ukatema mate, halafu?"

"Wakaanua nguo."

"Uongo huo. Mguu wa kushoto."

Tulishuka hivyo, kipandio kwa kipandio, mpaka hadithi ikaisha na bado kulikuwa na vipandio vitatu, ikabidi niianze upya. Kwenye kipande cha video kilichosambaa naonekana mimi chini na yeye juu, kama ninayempokea. Maneno yetu hayasikiki.

Afande ameniuliza alipanda kwa nia gani. Tulipofika chini aliniambia, "Nilitafuta mahali pasipo na mtu. Wakanifuata." Kama kuna jingine moyoni mwake, moyo wa mtu ni kichaka, siwezi kuuapia. Ninachoweza kuapa ni kwamba aliposikia mtu anaanguka, alishuka. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa kukaa naye na kumsikiliza, si kizimbani. Na waliomwambia aruke mtawapata, maneno yao bado yamo kwenye simu.

Hayo ndiyo niliyoyashuhudia, mengine kwa macho na mengine nikiwa nimeyafumba. Nimesomewa yote na ni kweli, ila pale juu kabisa, penye kazi. Naomba pakatwe. Mwenzangu, yule mwembamba asiyependa kuongea, ndiye anayepanda kwenye mapaa, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mimi huwa nashika ngazi.

Saini ya shahidi: Mnara

Maelezo ya ofisa: Nimeandika maelezo haya leo tarehe 19, kuanzia saa nne na dakika kumi hadi saa tano na robo asubuhi, na kumsomea shahidi. Maneno "Fundi mkuu wa minara na madishi" yamekatwa, pameandikwa "Mshika ngazi", na shahidi ameweka saini pembeni. Maelezo yamechukuliwa kaunta ya chini badala ya ofisi ya upelelezi iliyo ghorofa ya pili, kwa ombi la shahidi.