Haikuwa Miraa

Majimbo, Embu

Mdogo wangu Mutwiri,

Pokea salamu zangu. Je, mvua imefika huko Kianjai? Na kifua cha mama watoto kimetulia? Mimi naendelea, ila kwa magongo. Daktari amesema nyonga imeunga vibaya na mguu wa kushoto utabaki mfupi. Sitapanda tena mti wa miraa. Nililia, na binti yangu Makena akajifanya anaosha vyombo.

Unakumbuka nilivyokonda, moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, usingizi ukatoweka? Sokoni walinicheka: "Baite, punguza miraa, itakumaliza!" Nikaacha miraa, nikazidi kutetemeka. Hata hapo hakuna aliyeshuku jambo jingine, nami mwalimu nikiwemo. Kisha nikajikwaa kwenye kizingiti cha zizi. Lilikuwa anguko la kuinuka na kujipangusa, lakini nyonga ikavunjika.

Huku Embu, hospitalini, walinipima damu. Acha nikueleze polepole. Shingoni mna tezi iitwayo thairoidi, nayo ndiyo huuamuru mwili uende kwa kasi gani. Yangu ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, bila hata rovu, ule uvimbe wa shingoni, kuonekana. Na mfupa si jiwe, Mutwiri. Mwili huubomoa kidogo na kuujenga kidogo maisha yote. Tezi ikikimbia, kubomoa hukushinda kujenga. Nilimwambia daktari kwamba mifupa dhaifu ni maradhi ya akina nyanya. Akanijibu, "Mzee, wanaume nao huugua, ila huja kwetu wameshavunjika."

Sasa nameza vidonge na mikono imetulia. Mifupa itapata nguvu kiasi, lakini nyonga hii haitarudi ilivyokuwa.

Ulipokuja kuniona, kikombe chako kiligongagonga kisahani. Ukaficha mkono, ukacheka: "Ni miraa tu, kaka." Koti lako pia lilikupwaya. Tafadhali, nenda Meru mjini upimwe damu kabla wakwe hawajaleta ncoolo, kile kifungu cha miraa cha kumposea binti yako Kananu. Mimi mkubwa wa nyumba ndiye ningekipokea, lakini kwa mguu huu, safari hii ni wewe. Ikibidi, wangoje.

Nisalimie mama watoto, Kananu, na shangazi yetu. Mwambie shangazi bado nakula vizuri.

Nilikutangulia kuzaliwa, nikakutangulia jandoni, nikakutangulia shuleni. Katika hili usinifuate.

Kaka yako,
Kirimi